Kenchi zetu zilivyofungiwa Mbalizi baada ya sabkontrakta kufariki: msipuuze kipengele cha vifaa vya nje ya saiti

Wakuu, kwema humu? Wa Iringa, kamwene.

Kwenye jukwaa hili la ujenzi huwa nasoma tu na kupita. Leo naandika kwa sababu juzi kuna jamaa aliuliza kama kuna ulazima wa kuweka kwenye mkataba habari za vifaa vinavyotunzwa kwa sabkontrakta. Wengi mkamjibu kwamba hayo ni makaratasi ya kupoteza muda, fundi ukimwamini inatosha.

Mimi fundi wangu nilimwamini. Na hakunidhulumu hata kidogo. Lakini nilijikuta nimesimama nje ya geti Mbalizi, kenchi zangu naziona kwa macho, na sina uwezo wa kuzigusa.

Naeleza kama ilivyokuwa, sitii chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana msiba ni wa watu.

Naishi Kihesa, nina kampuni ndogo ya ukandarasi. Ndogo kweli, ile ya kwamba mwenye kampuni ndiye anayefuata misumari. Ni mwanamke, na nalisema mapema ili mtu asije akaniita "mkuu bro" kwenye comments.

Tulipata kazi ya bweni la wasichana, upande wa Kalenga. Mteja ni parokia. Paroko alitaka paa la kenchi za chuma, siyo mbao, kwa sababu bweni la zamani liliwahi kushika moto. Wasichana walitoka wote salama, lakini aliapa hataezeka kwa mbao tena.

Kenchi nilimpa Ambakisye.

Ambakisye alikuwa na karakana Mbalizi, kando ya barabara kuu. Mtu wa Tukuyu, mpole, mkono wake kwenye kuchomelea ulikuwa haukosei. Wakati naanza ukandarasi, na hakuna aliyekuwa ananikopesha hata bomba, yeye alinipa vyuma akasema, "Dada, kajenge kwanza." Hiyo sikuisahau.

Sasa, kule saiti tukakutana na mwamba kwenye msingi. Kazi ikasimama. Kenchi zikawa zimekamilika Mbalizi huku kuta zetu bado ziko chini ya usawa wa madirisha. Kuzipeleka Kalenga ilikuwa haiwezekani, saiti haikuwa na uzio na vyuma vingeondoka kimoja kimoja.

Tukakubaliana zikae kwa Ambakisye. Ila mimi nilikuwa nataka parokia wanilipe, kwa sababu chuma kimeshanunuliwa na kimeshachomelewa.

Hapo ndipo akaingia Injinia Mligo.

Huyu ni mshauri wa parokia, mzee wa Njombe, haongei sana na hacheki hovyo. Akaniambia hapitishi malipo ya kitu ambacho hakiko saiti mpaka mambo fulani yaandikwe. Kwamba kikishalipiwa ni mali ya parokia, popote kilipo. Kwamba kitengwe peke yake na kiwekewe alama isiyofutika. Kwamba kiwe na bima kikiwa hapo. Na kwamba mimi, yeye, au mtu wa parokia tunaweza kuingia kukikagua au kukichukua wakati wowote bila kuomba ruhusa. Na haya yote yawe kwenye mkataba wangu na Ambakisye pia, siyo kwenye mkataba wa parokia na mimi tu.

"Ukiyaandika kwangu tu," alisema, "yanakufunga wewe. Yeye hayamfungi."

Nilinuna, wakuu. Nilimwona anatuchelewesha.

Tukaenda naye Mbalizi. Ambakisye alipousoma ule mkataba uso ulibadilika.

"Dada, mimi na wewe tumefikia hapa? Unaniona mwizi?"

Injinia Mligo ndiye aliyemjibu, taratibu tu: "Bwana Ambakisye, hakuna anayesema wewe mwizi. Ila kesho unaweza usiwepo hapa, na mimi pia. Hii ni ya siku hiyo."

Ambakisye akamwita mkewe, Tusekile, atoke aje asikilize. Tusekile ndiye alikuwa anaendesha nusu ya karakana ile, wateja wote wanamjua. Gesi anaagiza yeye, mafundi anawalipa yeye. Mashine kubwa ya kukatia waliinunua baada ya yeye kuuza shamba lake la mpunga la Kyela, alilopewa na baba yake. Hilo nalijua kwa sababu nilikuwepo walipokuwa wanalijadili.

Akasoma mwanzo mpaka mwisho, akamwambia mumewe, "Mbona ni sawa tu? Saini."

Ambakisye akasaini. Tusekile akasaini chini yake, kama mmiliki mwenza wa karakana. Injinia alisisitiza hilo neno liandikwe.

Tukatenga kenchi upande wa ukutani, tukazipaka msalaba wa njano na herufi za parokia, kila moja. Ambakisye akawa ananung'unika kwamba wateja watadhani amegeuka stoo ya kanisa. Lakini alishika brashi mwenyewe.

Mabati niliyonunua ya kuezekea bweni hayakuwepo bado siku hiyo. Yalikuja baadaye, ya kijani, yakashushwa hapo hapo kwake. Nilipanga nikienda safari nyingine nitayapaka alama na kuyaongeza kwenye mkataba.

Safari hiyo haikufika.

Asubuhi moja niko saiti, tunamwaga zege la lenta, simu ikaita. Tusekile. Nilipokea nikijua ni mambo ya kazi. Nikasikia kilio tu.

Ambakisye alianguka karakanani. Presha. Hawakufika naye hata hospitali.

Niliacha zege mikononi mwa msimamizi wangu nikakaa kwenye tofali. Sikuwaza kenchi, naapa. Niliwaza yule mtu aliyeniambia kajenge kwanza.

Alizikwa kwao Tukuyu. Nilikwenda. Mvua ya kule mnaijua, inanyesha kama inamwagwa, tulizika tukiwa tumelowa wote. Tusekile alikuwa amekaa na wanawake ndani, hana sauti tena. Nilimshika mkono.

Nikiwa natoka, akanifuata mwanaume mmoja mrefu. Akajitambulisha: Lwitiko, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa anaishi Tunduma, biashara za mpakani.

"Dada, wewe ndiye mwenye kazi ya zile kenchi zenye msalaba?"

"Ndiyo, kaka. Poleni sana."

"Tumepoa. Zile usizisogeze kwanza. Vitu vyote vya marehemu vinasubiri kikao cha ukoo."

Nikamwambia kwa heshima kwamba zile siyo za marehemu, ni za parokia, zimeshalipiwa. Akanitazama kama nimeongea kitu cha aibu.

"Udongo bado mbichi, dada."

Nikaaga. Ungesema nini hapo?

Nilirudi Iringa. Paroko akawa anapiga simu. Kuta zilikuwa zimefika juu sasa, na mawingu ya msimu yameanza kujikusanya upande wa mto. Kuta za tofali bila paa, mvua ikizikuta, mnajua zinavyokuwa. Na wasichana walikuwa wameshaambiwa wanahamia muhula unaofuata.

Nikasubiri siku za matanga zipite. Simu ya Tusekile ikawa haipatikani. Nikaona hapana, nikakodi lori na kwenda.

Nilichokikuta Mbalizi sikukitarajia.

Geti lina kufuli jipya. Ndani kuna lori jingine, watu wanapakia vyuma bapa na mabomba ya marehemu. Mnunuzi amesimama na kalamu sikioni. Kenchi zangu ziko pale pale ukutani, misalaba ya njano inaonekana vizuri kupitia kwenye matundu ya geti. Na mabati ya kijani yapo katikati ya yadi, yamechanganywa na mabati mengine ya kijani ya mteja mwingine wa Chimala.

Nikagonga. Lwitiko akaja, hakufungua.

Nikamwambia nina mkataba, unanipa haki ya kuingia na kuchukua mali. Nikauinua aone.

"Ulisaini na nani?"

"Na Ambakisye."

"Basi mfuate Ambakisye."

Wakuu, nilihisi kama nimepigwa kofi. Dereva wangu aliyekuwa pembeni akaguna kwa hasira, nikamzuia. Watu wa barabarani wakaanza kusogea kutazama.

Nikauliza, "Mama Tusekile yuko wapi?"

"Yuko ndani. Amefiwa. Hahusiki na biashara."

Nyumba yao iko nyuma ya karakana, ukuta mmoja. Nikaona pazia la dirisha limesogea kidogo, likarudi.

Lwitiko akaondoka, akaongea na mnunuzi, kisha akarudi na sura nyingine kabisa. Laini. Akafungua geti kiasi cha mtu mmoja kupita, akaniita kivulini.

"Dada yangu, mimi sina ugomvi na kanisa. Chukua kenchi zako, chukua na mabati yako. Leo hii. Nitakupa na vijana wa kupakia."

"Nashukuru, kaka."

"Ila na wewe nisaidie. Wewe ulifanya kazi na marehemu miaka mingi, neno lako lina uzito."

Akanipa karatasi, imeshachapwa. Inasema mimi, mkandarasi fulani, nathibitisha kwamba karakana na mashine zote zilianzishwa kwa mtaji wa familia ya marehemu, na kwamba mke hakuwahi kuwa na sehemu yoyote katika biashara hiyo.

"Sahihi moja tu," akasema. "Kuna kikao Jumamosi. Na shemeji tutamtunza, usiwe na wasiwasi."

Nikamwomba nikasome ndani ya gari.

Nataka mnielewe hapa. Sikukataa pale pale kishujaa. Nilikaa kwenye kiti cha lori na kalamu mkononi. Nikatazama upande wa mlima, wingu limetanda. Paroko kapiga, sijapokea. Nikawa najiambia, mambo yao ya mirathi mimi yananihusu nini? Mahakama itaamua. Mimi nina bweni la watu, nina mafundi wanaonisubiri. Kenchi zile pale.

Nilishaandika jina langu. Sahihi tu ndiyo bado.

Kilichonirudisha ni mkataba wenyewe. Ulikuwa kwenye mapaja yangu, na jina la Tusekile liko pale chini: mmiliki mwenza. Kama leo nasaini kwamba huyu mama hakuwa na sehemu yoyote, basi nimesema mkataba wangu mwenyewe ulisainiwa na mtu asiyehusika. Lwitiko akigeuka kesho, silaha nimempa mimi. Na zaidi ya hilo, lilikuwa ni uongo. Nilikuwepo shamba la Kyela linauzwa. Nilikunywa chai yake siku hiyo.

Nikampigia Injinia Mligo. Nikamweleza yote, mpaka la kalamu.

Akasema, "Usisaini. Usimrudishie hiyo karatasi pia. Nenda kwa mtendaji wa kata, mwonyeshe mkataba, mwombe aje na polisi. Usiombe huruma. Sema unakuja kuchukua mali ya mteja iliyowekwa kwa mtu, na mwambie kuna vitu vya marehemu vinapakiwa kabla ya mirathi."

Lile la mwisho sikuwa nimelifikiria hata.

Mtendaji wa kata alikuwa mwanamama mnene mwenye haraka zake. Alisoma kile kipengele mara mbili, akavaa viatu vizuri. "Twende," akasema. Tukaenda na askari mmoja na mgambo.

Lwitiko alipotuona alifungua geti lote. Akaanza kuongea kwa sauti ya juu: huyu mama ametoka Iringa kuja kuvuruga msiba, anataka kunyang'anya mali za yatima. Watu waliojaa barabarani wakaanza kuniangalia vibaya. Mmoja akasema kwa sauti, "Hawa wakandarasi hawana utu."

Mtendaji akasema, "Nyamazeni. Mimi siyo mahakama, sikuja kugawa kitu. Nauliza moja. Zile zenye msalaba ni za nani?"

"Ziko kwenye yadi ya ndugu yangu," akajibu Lwitiko.

"Sijauliza ziko wapi. Nimeuliza za nani."

Lwitiko akasema mkataba unaweza kuwa wa kughushi, na aliyeusaini hayupo wa kuulizwa.

"Mwite shemeji yako."

"Yuko kwenye eda ya kwetu, hatoki."

"Basi mimi nitaingia."

Hakuhitaji kuingia. Mlango ulifunguka, Tusekile akatoka. Amejifunga kitenge kiunoni, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, amepungua mpaka nikashtuka. Akina mama wawili wa ukoo wakamfuata nyuma wakimvuta mkono kwa kunong'ona. Alitembea tu.

Hakunitazama mimi. Hakumtazama Lwitiko. Alikwenda mpaka kwa mtendaji.

"Hii sahihi ni yako, mama?"

Akaitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anatazama ya mumewe iliyoko juu yake.

"Ni yangu."

"Ulisaini kama nani?"

Lwitiko akamwita jina kwa kilugha, kwa sauti ya chini ya kumwonya. Mimi kinyakyusa nakielewa kwa kuokoteza tu, lakini ile sauti haihitaji tafsiri. Nilijua kinachomsubiri huyu mama tukishaondoka, ndani ya nyumba iliyojaa mawifi.

"Nilisaini kama mwenye karakana, pamoja na mume wangu," akasema Tusekile. "Hizo kenchi ni za kanisa. Alizipaka rangi mwenyewe."

Hata yule aliyesema hatuna utu aliangalia chini.

Mtendaji akageuka kwenye mabati. "Na haya?"

Hayakuwa na alama. Yalikuwa hayamo kwenye mkataba. Nilikuwa na risiti ya kununulia, lakini na yule wa Chimala naye angekuwa na yake, rangi moja, kampuni moja.

Tusekile angeweza kunyoosha kidole tu. Neno lake pale lilikuwa limeshakubalika. Nilimtazama, nakiri nilikuwa namwomba kwa macho.

"Humo kuna ya dada na kuna ya mtu mwingine," akasema. "Yapi ni yapi, marehemu ndiye alijua. Mimi siwezi kusema uongo."

Mtendaji akaamua hivi: kenchi zitoke leo, askari aandike. Mabati, mashine na kila kingine visitoke hata kimoja mpaka mahakama ya mwanzo iteue msimamizi wa mirathi. Akamwambia mnunuzi ashushe alivyopakia. Ile karatasi ya Lwitiko nikampa yeye, akaikunja akaiweka kwenye mkoba wake.

Mafundi wa Ambakisye walitokea sijui wapi, wakapakia kenchi zetu. Hawakuimba hata ule wimbo wao wa kunyanyulia vyuma. Walipomaliza mmoja wao akapitisha mkono juu ya kiungo cha chuma, kama mtu anayempapasa ng'ombe, akashuka.

Nilimuaga Tusekile kwa kumshika mikono. Nikamwambia kama hali ikiwa mbaya anipigie, nitakuja kumchukua. Akanishukuru kwa kinyakyusa, "Ndaga fijo," akarudi ndani katikati ya wale mawifi.

Tuliondoka Mbalizi na mvua. Ilitufuata mpaka Igawa. Sijawahi kupita barabara ile kwa hofu kama siku hiyo, kila kituo cha ukaguzi nilidhani Lwitiko ametuma mtu.

Tukapandisha kenchi. Mabati nikanunua mengine kwa hasara yangu, sikuwa na namna. Bima ilikuwepo, lakini ilikuwa ya moto na wizi. Vitu kukwama kwenye mirathi siyo wizi, na kwa mabati yasiyo kwenye mkataba hata wangeniuliza nimekatia nini. Bweni lilichelewa kidogo, wasichana wakahamia wakati rangi bado inanuka.

Kuhusu Tusekile: alipata shida sana miezi ile. Walimhamisha chumba, walimnyima simu. Lakini kwa sababu mashine hazikutoka siku ile, kulikuwa na kitu cha kugombania. Nilikwenda mahakamani kutoa ushahidi wa shamba la Kyela. Mwisho wake akateuliwa yeye kuwa msimamizi. Lwitiko alipewa mashine ya zamani ya kuchomelea ambayo kweli yeye ndiye aliyemnunulia mdogo wake mwanzoni kabisa, na hilo Tusekile hakulipinga. Siwezi kusema Lwitiko alikuwa muongo kwa kila kitu.

Karakana inafanya kazi mpaka leo, anaiendesha yeye.

Kwa hiyo wakuu, kwa yule jamaa aliyeuliza: andika. Mwambie sabkontrakta wako kwamba unaandika kwa sababu ya watu watakaokuja baada yenu, ambao hamtawajua na wao hawatawajua ninyi. Andika mali ni ya nani ikishalipiwa. Andika kwenye mkataba wako na yeye, siyo wa juu peke yake. Kama ana mke au mume anayeshiriki kazi, asaini kwa cheo chake halisi. Na kila mzigo mpya unaoshushwa, alama siku hiyo hiyo kabla lori halijageuza. Soma pia bima yako inataja nini hasa, usiridhike kwamba ipo.

Wanasheria na wakadiriaji majenzi mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Kuna njia gani ya kulinda vifaa mwenye yadi akifariki, zaidi ya hii ya kwangu? Na wenzangu wakandarasi, yamewahi kuwakuta? Mlifanyaje pale getini?

Mirathi ilipoisha nilirudishiwa sehemu tu ya mabati yangu, kwa kulinganisha risiti, mengine yalikuwa yameshaondoka kabla sijafika na lori langu siku ile. Kwa hiyo kuna mtu kati ya Mbalizi na Tunduma analala chini ya paa la bweni la wasichana wa Kalenga, na wala hajui.